Mwana wa Mpishi Hakuonja

Papa, baba yangu, alikuwa mpishi wa mapadri huko Bukavu kwa miaka mingi kuliko ile niliyokaa mimi shuleni, na mimi shuleni nilikaa sana, maana darasa la nne la sekondari nililipenda nikalirudia. Alijaribu kunifundisha kumenya kitunguu bila kulia, nikashindwa. Alijaribu kunifundisha kutojibizana na mtu mwenye njaa, bado najaribu. Lakini sheria yake kubwa ilikuwa moja: usimpelekee mtu kitu ambacho wewe mwenyewe hujakionja. Padri anaweza kukusamehe dhambi, alikuwa akisema, ila supu hasamehi. Sheria hiyo niliivunja siku tano mfululizo, na tangu hapo sishiki kijiko bila kijiko kuniuliza swali.

Tunaishi Cyangugu, kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Ukikaa barazani kwetu unaiona Bukavu ng'ambo, upande wa Kongo, mabati yake yanameta, na kama macho yako ni mazima unaweza kuonyesha kwa kidole mtaa tulimozaliwa. Tuliporudi Rwanda, Papa alituambia, "Sasa tuko nyumbani." Mimi neno hilo nililichukua lilivyo: nimekaa nyumbani mpaka leo. Nina cherehani barazani, nashona kola na mifuko ya sare za wanafunzi, wateja wananifuata hapo hapo. Sina mke. Majirani wananiita mlinzi wa kuta, na wamama wakipita kwenda sokoni wananiuliza kuta zimeamkaje. Nawajibu zimeamka salama, zinawasalimia.

Dada yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya, hakurudi na sisi. Aliolewa Bukavu, anauza vitenge, na mara mbili tatu kwa wiki anavuka daraja la Rusizi ya kwanza kwa miguu, mzigo kichwani, akiwasalimia maafisa wa mpaka na kuwauliza habari za meno ya watoto wao. Papa alikuwa akisema Mungu alitugawia mwili mmoja watu wawili: dada akapewa miguu, mimi nikapewa makalio.

Ugonjwa wa Papa ulikuwa kansa. Ilianzia mahali ambapo mwanaume hapataji mbele ya watoto wake, yeye akapaita "kule bondeni", kisha ikapanda mpaka kwenye mifupa. Hospitalini walituita chumba cha pembeni, wakatueleza kwa Kifaransa, wakarudia kwa Kinyarwanda, na kwa lugha zote mbili walikuwa wanaangalia chini. Maana yake ilikuwa turudi naye nyumbani. Papa peke yake ndiye aliyefurahi. Wiki ile ya kwanza aliniita kando ya kitanda.

"Sikia, mutoto yangu. Sufuria haitokake kwa moto mbele haijaiva. Lakini ikiisha kuiva, muntu wa akili anaacha kutia kuni. Mimi niko karibu kuiva. Musinitoe mbele. Musinitie kuni tena. Maji ya seromu, mashini, kunirudisha kule, hapana."

"Na maumivu, Papa?"

"Maumivu ni moshi. Kwa moshi munafungua dirisha."

Nimesoma mpaka sekondari, nimesikiliza mahubiri mengi ya Jumapili, mengine nikiwa macho. Juu ya namna Mkristo anavyotakiwa kufa, sijasikia jambo lililonikaa kama hilo la sufuria.

Dirisha lililetwa na muuguzi wa kituo cha afya, mama mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, aliyekuja kwa pikipiki. Lilikuwa chupa ya plastiki yenye morfini ya maji isiyo na rangi, pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano, la kuvutia dawa na kuitia mdomoni. Mpaka mstari wa tano, kila baada ya saa nne, kuanzia alfajiri. Nilimwuliza kama niionje kwanza, kwa sababu ya ile sheria ya kwetu.

"Wewe! Hii si mchuzi. Ukionja, nitakuta wawili wamelala, na nimekuja kumwangalia mmoja."

Basi sikuonja.

Papa alipoimeza mara ya kwanza uso wake ulijikunja kama kitambaa cha kufutia sahani. "Eee, bululu hii!" alisema. Bululu kwetu ni ule ukali wa jani chungu unaobaki kwenye ulimi. "Ata mubirizi inaisalimia kwa heshima." Mubirizi ni ule mti alioupanda nyuma ya jiko, ambao majani yake tunayachemsha kwa ajili ya tumbo. Kisha akasema "merci", asante ya Kifaransa aliyoizoea kwenye meza za mapadri, na baada ya nusu saa akaomba redio. Jioni akasema maharage yangu hayana chumvi. Nilienda jikoni nikalia, na hapakuwa na kitunguu.

Kwa wiki tatu tulikuwa na Papa. Mgonjwa, mwembamba kama mpini wa jembe, lakini Papa. Alikosoa wali wangu. Alisimulia juu ya padri mzee aliyekuwa akificha jibini chini ya mto. Kila mara baada ya dawa, merci.

Yaya hakuipenda ile chupa tangu siku alipoiona. Alikuwa anasali kwenye chumba cha maombi cha mtaani kwake, na huko sokoni alikuwa amesikia mengi.

"Hiyo dawa, mudogo yangu, njo ile banamalizia bazee. Ulaya banaifanya kila siku, muzee anachoka, banamupatia, inaisha."

"Hii inamaliza maumivu tu, Yaya."

"Maumivu na mwenye maumivu banaishi nyumba moja. Ukichoma nyumba, nani anabaki?"

"Hatuchomi. Tunafungua dirisha."

"Papa anapashwa kufika mbele ya Mungu macho wazi, na akili ya kutubu. Petro aliambiwa akeshe, hakuambiwa alewe."

Hapo nikaona nimempata. Nikamwambia hata Bwana pale msalabani alipewa divai iliyochanganywa na dawa, ili maumivu yapungue.

"Na alifanya nini?" Yaya akauliza.

Sikuwa nimesoma mpaka pale.

"Aliikataa!" akasema, na akapiga makofi mara moja, kama anayefunga biashara.

Tulikuwa tumemsahau mgonjwa mwenyewe. Kutoka kitandani ikaja sauti ndogo: "Yeye alikuwa na siku moja, binti yangu. Mimi niko mwezi wa tatu."

Yaya alicheka, akambusu kwenye paji la uso, na jambo likaishia hapo. Mimi nilidhani limeishia hapo. Nina kipaji cha kudhani.

Jumamosi iliyofuata alivuka mpaka na wamama wanne wa chumba chake cha maombi. Walikuja kufunga na kumwombea Papa mpaka Alhamisi, sebuleni kwetu. Nisiwaseme vibaya. Walifua mashuka yake ambayo mimi nilikuwa nayafua vibaya, waligeuza godoro, waliimba kwa sauti ambazo zilifanya hata mbuzi wa jirani atulie. Walikuwa na dumu la maji waliyoyaombea, wakainyunyizia nyumba nzima, na cherehani yangu pia, ambayo tangu siku hiyo inakwama kwenye mshono wa nyuma.

Jumapili Papa aliamka na maumivu.

Sijui niyaeleze vipi. Hakupiga kelele, mtu aliyekaa jikoni kwa wakubwa anajua kuungua kimya. Alikuwa anauma pembe ya mto. Aliniomba nisishone, kwa sababu sakafu ilikuwa inachukua mtikisiko wa cherehani na kuupeleka kwenye mifupa yake. Cherehani ikanyamaza siku tano. Nilimpa dawa saa zake zote, mstari wa tano, sikukosa hata dakika, nilikuwa najivunia usahihi wangu. Muuguzi alikuwa ameniambia maumivu yatapanda siku moja, nikadhani yamepanda. Nilitaka kumpigia simu, Yaya akasema, "Acha kwanza mfungo uishe." Nikaacha. Kuacha ndiyo kazi ninayoifanya vizuri kuliko kushona.

Jumatatu niligundua kuwa chupa ina dawa nyingi kuliko nilivyotegemea. Nikasema kwa sauti, ili kuwachekesha wamama, kwamba chupa yetu imekuwa kama kile chombo cha mafuta cha mjane wa Sarepta, tunatoa na hakiishi. Wamama walicheka. Yaya alikuwa anakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

Jumanne, baada ya kumeza, Papa alikaa kidogo akitembeza ulimi mdomoni.

"Hii dawa haina tena bululu," alisema.

"Umeizoea, Papa."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Ulimi ya mupishi haizoeyake kitu," alisema. Kisha: "Merci."

Nilikwenda kuosha lile bomba.

Jumatano mchana wamama walikuwa nje wakipumzika kwenye kivuli cha ukuta, Yaya amesinzia kwenye kiti kwa njaa ya mfungo. Jasho lilikuwa linamtoka Papa kama mtu aliyepandisha gunia kutoka ziwani. Nilipoileta dawa, aliutazama mstari wa tano, akaitazama chupa, na kitu kama tabasamu kikapita usoni pake.

"Nipe yote," alisema.

"Yote nini?"

"Chupa. Nipe yote ninywe, tumalize."

Niliweka bomba chini, nikakaa kitandani, na mimi, mlinzi wa kuta, nikamhubiria baba yangu. Nilimwambia uhai si mali yetu. Nilimwambia kuna kumwachia mtu aende na kuna kumsukuma, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuwa sufuria haitolewi kabla haijaiva. Nilisema mengi, kwa Kiswahili kizuri, sauti ikinitetemeka. Nilikuwa nimeguswa sana na maneno yangu.

Papa alianza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, mpaka maumivu yakamkata katikati na akaurudia mto. Yaya alizinduka, akauliza kuna nini. "Anahubiri," Papa akasema akiwa ameuma mto. "Anahubiri muzuri."

Alhamisi asubuhi sikusubiri ruhusa. Nilimpigia muuguzi, nikamweleza: kila saa nne, mstari wa tano, bila kukosa, na bado anauma mto. Alinisikiliza, akauliza kupumua kwake, akauliza kama anajua watu. "Basi panda mpaka mstari wa kumi," alisema. "Na njoo uchukue chupa mpya, hiyo itakuwa karibu kuisha." Sikumwambia kuwa haikuwa karibu kuisha. Niliona ni jambo dogo, na nilikuwa natafuta viatu.

Nilipanda pikipiki kwenda kituoni nikiwa nimefumba macho njia nzima. Niliporudi, wamama walikuwa wanafunga mizigo yao, mfungo umekwisha. Yaya alikuwa ameketi miguuni pa Papa. Nilifungua chupa mpya mbele yao, nikavuta mpaka mstari wa kumi, nikamwinua kichwa.

Alimeza. Uso ukajikunja kama kitambaa. Macho yakafunguka yote, hayakunitazama mimi. Yalimtafuta Yaya, yakampata.

"Bululu imerudi," Papa alisema.

Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu anayemtambua mgeni mlangoni. Yaya alinyanyuka akatoka nje haraka, mkono mdomoni. Nilidhani amekwenda kulia kwa furaha, kwa kuwa Papa amesema neno zima bila kusaga meno.

Baada ya nusu saa aliuachia mto. Alilala. Vidole vyake vilifunguka kimoja kimoja. Nilimpa tena kila saa zilipofika, naye alimeza nikimshika kidevu, lakini hakusema tena merci. Ijumaa saa nne asubuhi hakufumbua macho. Nikaitia dawa ndani ya shavu polepole, kama nilivyofundishwa. Pumzi yake ilikuwa ya mtu anayepanda mteremko wetu, anapumzika, anapanda, anapumzika zaidi.

Hapo, bomba likiwa mkononi, nilisema kitu moyoni. Sikusema apone. Sikusema apate usingizi. Nilisema: Bwana, basi. Nami nikasukuma.

Alikufa saa nane mchana. Yaya alimwimbia wimbo wa Bikira Maria ambao kanisani kwake hauimbwi kabisa, aliuimba beti zote, hakusahau hata moja.

Tulimzika, tukakaa matanga, na baada ya wiki ndugu wakakusanyika kwa gukaraba, siku ya kunawa na kufunga msiba. Watu walikula, wakanywa, wakanisifu. Mashangazi waliokuwa wakinicheka kwa kufua mashuka kama mwanamke walisema baba yangu amekufa kama mfalme. Mmoja akasema, "Kumbe kukaa nyumbani nako ni kazi." Nilivimba kidogo, sitaficha.

Kesho yake asubuhi muuguzi alikuja kuchukua mabaki, maana dawa ile hairuhusiwi kubaki kwa watu. Nilimpa chupa zote mbili. Aliiinua ile ya zamani kwenye mwanga wa mlango.

"Hii ilipashwa kuwa imeisha."

"Ni ya mjane wa Sarep..." nilianza, na mzaha ukafia mdomoni.

Alifungua, akanusa, akaniambia nifungue kiganja. Akadondosha matone mawili.

"Sasa onja," alisema.

Mwana wa mpishi akaonja. Yalikuwa maji. Yalikuwa hata na ile ladha ya plastiki ya dumu lililokaa juani.

Muuguzi aliketi. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia nadhani tangu Jumamosi ile. Alihesabu kwa midomo bila sauti. "Siku tano bila kitu. Halafu kumi mara moja."

"Ni mimi?" nikamwuliza.

"Alikuwa amefika, unajua."

"Sikuuliza kama alikuwa amefika."

Alikifunga kifuniko, akakifungua, akakifunga. "Ungeniambia ni maji, ningekuambia tuanze tena na tano, maana mwili unaisahau dawa. Haukuniambia sababu haukujua. Pengine angekufa Ijumaa ile ile. Pengine Jumatatu. Nikisema najua zaidi ya pale, nitakuwa nakudanganya, na wewe ulimuhudumia baba yako vizuri, sitaki kukudanganya."

Aliiandika kwenye karatasi yake, akaondoka. Sikuingia ndani mara moja. Nilibaki nimesimama mlangoni na kiganja kilicholowa, na maneno ya Papa yakaanza kurudi moja baada ya lingine, kila moja limebadilika sura. Haina tena bululu. Ulimi ya mupishi haizoeyake kitu. Alijua. Tangu Jumanne kwa hakika, na labda tangu tone la kwanza, alijua kuwa namnywesha maji, na alijua ni nani ameyatia, na alikunywa, na alisema merci.

Yaya alikuwa nyuma ya jiko, karibu na mubirizi, anasugua masufuria makubwa ya sherehe. Nilimwonyesha kiganja tu. Hakuuliza ni nini.

"Nilimwaga," alisema. "Jumamosi ile, ulikuwa umeenda msalani. Nilisema Mungu anisamehe kama ni kosa, lakini Papa asikufe amelewa. Nilisema haya maji yameombewa, yatamufanyia."

"Alikuwa anauma mto, Yaya."

"Niliona! Unafikiri sikuona? Kila saa nilisema nitairudisha. Nirudishe nini? Nilikuwa niliisha kumwaga." Alisugua sufuria ambayo ilikuwa safi. "Sikula kitu siku tano. Nilisema kama yeye anaumia, na mimi niumie."

"Yeye hakukuomba uumie."

"Na wewe nani alikuomba umutie kumi?"

Hatukupiga kelele, ndugu walikuwa bado wamelala sebuleni. Angeacha dawa ilivyo, nisingefika kwenye kumi. Ningemtia tano, labda angekuwapo Jumamosi. Tulikaa pale kila mmoja ameshika kipande chake cha kifo cha Papa, kama ndugu waliogawana shamba na kila mmoja anaona amepewa upande wenye mawe.

Miezi miwili baadaye nilishuka mpaka kanisani, kule chini karibu na ziwa. Padri, kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu, aliniona akashangaa.

"Umetoka? Kuta umemwachia nani?"

Nilimweleza yote tukiwa kwenye benchi la nje. Nilimweleza sufuria, moshi na dirisha. Akasema sisi tunafundishwa hayo kwa vitabu vinene, mzee wako ameyamaliza kwa sufuria moja. Kisha akaniuliza, "Ulipoitia ile dawa, ulikuwa unaondoa nini?"

"Maumivu."

"Angeamka Jumamosi akaomba maharage?"

"Ningempikia. Na chumvi ningeongeza."

"Basi."

"Lakini ndiyo neno nililosema mimi, Padri. Nilisema basi. Nikiwa nimeshika bomba."

Alitazama mtumbwi uliokuwa unafungwa. "Kumwomba Mungu amchukue mtu siyo kumchukua," alisema. "Sisi tunaomba hivyo kwa wagonjwa wengi. Tunatumia tu maneno marefu zaidi."

Nilipokea ondoleo la dhambi. Nilipanda mteremko mwepesi mpaka kwenye kona ya muuza mkaa, na hapo likanipata jambo ambalo sikuwa nimemweleza, kwa sababu sikuwa na jina lake. Nipe yote. Alikuwa ananitania, akijua chupa nzima ni maji, na mimi nikamjibu kwa mahubiri? Au alikuwa anaomba kweli, kwa ulimi uliojua kuwa maji hayawezi kumuua na mwili uliokuwa umechoka kujua? Kile kicheko nimekigeuza kila upande. Kuna siku nakisikia ni cha mtu anayefurahia ujinga wa mwanawe. Kuna siku nashona, cherehani inakwama kwenye mshono wa nyuma, kimya kinaingia, na nakisikia kikitoka kwenye kile chumba, na si kicheko.

Yaya anakuja kila Jumamosi sasa, hata bila vitenge. Hali chakula kwetu, hanywi maji kwetu. Chai tu, ambayo anaipika mwenyewe. Jumamosi iliyopita alikaa barazani akiitazama Bukavu kama vile hajatoka huko asubuhi ile ile.

"Papa alijua?" aliuliza.

Ningeweza kudanganya. Lakini nyumbani kwetu ukweli mzito tunauvika nguo ya mzaha ndipo tunautoa nje.

"Alisema upishi wako hauna bululu."

Hakucheka. "Lini?"

"Jumanne."

Alifungua vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. "Na akaendelea kunywa?"

"Akaendelea. Na merci juu."

Alijifunika uso na kitenge, akalia kwa muda mrefu, na mimi nikakata nyuzi ambazo hazikuwa na haja ya kukatwa. Kisha akasema kutoka ndani ya kitambaa, "Hakusema kitu ingine?"

Neno la Jumatano, yeye akiwa amesinzia, lilikuwa nyuma ya meno yangu, maneno mawili tu. Niliutazama mto wa Papa, ambao nimeuweka kwenye kiti cha kushonea kwa sababu makalio yangu yanazeeka. Pembe yake moja bado ina alama.

"Hapana," nilisema. "Ni maharage yangu tu, eti hayana chumvi."

Hapo alicheka, machozi yakiwa bado yanashuka, akasema kwa hilo Papa alikuwa na haki. Alinyanyuka akamimina chai, vikombe viwili. Cha kwangu alikinyanyua kwanza, akaonja, akatulia kidogo akitembeza ulimi mdomoni, ndipo akanipa.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Niliishika ile chai mdomoni muda mrefu kuliko chai inavyostahili, kabla ya kumeza.